Kabla hujanunua kamera, kaa kwanza barazani

Vijana wa hapa Mikindani, Mtwara, wakinijia kutaka kujifunza upigaji picha, swali la kwanza huwa lile lile: "Kaka, ninunue kamera gani?" Nawaambia waende wakakae barazani na simu walizonazo.

Si utani. Mketishe mdogo wako barazani saa sita mchana. Mpige picha moja akiwa ameegemea mlango, kisha mwambie asogee hadi ukingoni, pale kivuli kinapoishia, uso ukitazama nje. Jua halimgusi, ila mchanga mweupe wa uani unamrudishia mwanga usoni. Macho yanameta na ngozi inatoka na rangi yake. Sasa mtoe nje, asimame juani. Oktoba, korosho zikianza kudondoka, jua la adhuhuri huku kwetu linasimama utosini kabisa: macho yanageuka mashimo, pua inaangusha kivuli mdomoni. Rudia zoezi hilo wiki nzima, asubuhi, mchana na alasiri. Chini ya mwembe uwe mwangalifu, maana jua linapenya kwenye majani na kumtia mtu madoa kama chui.

Mimi hayo niliyajua kwa aibu. Harusi yangu ya kwanza ya kulipwa niliwasimamisha maharusi ufukweni Shangani saa saba mchana, bahari ikiwa nyuma yao. Bahari ilitoka kama ya kalenda. Maharusi walitoka vivuli viwili. Mama wa bibi harusi alizipitia moja moja, akaniuliza kwa upole, "Baba, mwanangu yuko wapi hapa?" Nilirudisha nusu ya hela.

Kosa halikuwa la kamera. Yenyewe haijui bibi harusi ni nani. Inapima mwanga wa fremu nzima. Ikikuta weupe mwingi, bahari, mchanga, shela, kanzu, inaona mwanga umezidi, inaupunguza, na sisi weusi ndio tunaoumia. Kwenye simu, gusa uso wa mtu kwenye kioo, kisha telezesha kidole juu mpaka uso ung'ae. Kwenye kamera tafuta kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, uongeze hadi +1. Mbingu ya nyuma ikiungua, yaani ikitoka nyeupe tupu, iache iungue. Hakuna aliyekulipa upige mbingu.

Kasi ya shata, yaani muda kamera inaofumbua jicho kupokea mwanga, utaizoea haraka. Watoto wanaojirusha majini wanataka 1/500 ya sekunde au kasi zaidi. Mama anayebangua korosho, 1/125 yatosha, na mkono wake ukififia kidogo mimi naupenda hivyo.

Ukishaelewa mwanga, ndipo ununue, na ya mtumba haina ubaya. Lakini usitoe hela kabla ya kuikagua. Vua lenzi, imulike kwa tochi ya simu upande mmoja huku unachungulia upande wa pili. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, huo ni ukungu, yaani kuvu iliyoota ndani ya lenzi. Iache hata kwa bei ya kutupa. Halafu irudishe, weka f/16, yaani tundu la lenzi liwe dogo, piga ukuta mweupe, kuza picha utazame: madoa meusi ni vumbi lililoganda kwenye sensa, kile kibao cha ndani kinachopokea mwanga. Lenzi ya pili nunua ile iliyoandikwa 50mm f/1.8, huwa miongoni mwa za bei nafuu na inapenda nyuso.

Ukungu huo utakufuata na wewe, kwa joto na unyevu wa pwani hii. Usiifungie kamera kabatini ndani ya mkoba wa ngozi. Yangu inalala kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vipakiti vya chembechembe za kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Na usibadilishe lenzi ufukweni upepo ukivuma. Mchanga ukiingia, fundi wa karibu si wa karibu.

Tena, omba ruhusa. Shikamoo kwanza, kamera baadaye. Na penye shughuli za unyago usiinue hata simu mpaka uambiwe na wenyewe. Bibi mmoja muuza dagaa aliniruhusu, kisha akanihoji: "Picha imo humo kwenye dude lako, mimi nitaionea wapi?" Nikaenda kuisafisha mjini, nikamletea kwenye karatasi. Siku hizi nikipita bila kamera ananuna.