SOMO: Mipasuo miwili na fotoni, kwa tochi ya leza, wembe na kioo chenye masizi

Wakuu, salaam.

Haipiti wiki bila mtu kuuliza humu "eti fotoni (chembe moja ya mwanga) inajuaje kuwa inaangaliwa?", halafu wanakuja wenye majibu ya roho na dunia sambamba. Swali linatoka kwenye jaribio la mipasuo miwili: mwanga ukipita kwenye nafasi mbili nyembamba unachora mistari ukutani, na inasemekana mistari inapotea ukiangalia fotoni imepita njia ipi. Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Somo ni hili, fanyeni wenyewe kwanza. Vifaa vyote vinapatikana hapa Arusha.

Vifaa: tochi ndogo ya leza nyekundu (zile za kuning'iniza kwenye funguo, machinga wa soko la Kilombero wanazo), nyembe mbili mpya, kipande cha kioo (fundi vioo atakupa mabaki bure), koroboi au mshumaa, kibanio cha nguo, selotepu.

Hatua ya 1. Osha kioo, kikauke kabisa. Kikiwa na maji motoni kinaweza kupasuka.

Hatua ya 2. Pitisha upande mmoja juu ya moto wa koroboi, ukikichezesha, mpaka kiwe cheusi.

Hatua ya 3. Kuchora mipasuo. Hapa ndipo vioo vingi vinapoharibika, vyangu vikiwemo. Funga selotepu kwenye makali ya upande utakaoshika, maana wembe hauna rafiki. Bandika nyembe mbili pamoja, pembe zake zilingane kabisa. Unene wa wembe mmoja ni kama milimita 0.1, na huo ndio utakuwa umbali kati ya mipasuo yako. Weka rula juu ya kioo, kisha vuta pembe za nyembe kwa mkono mwepesi, MARA MOJA. Usirudie juu ya mstari uleule, utapata mistari minne au ufa mmoja mpana. Masizi yakiwa mazito yanabanduka vipande vipande na kuziba uwazi. Futa, anza upya na masizi mepesi. Chora jozi kadhaa kwenye kioo hichohicho, kisha zitazame kwenye mwanga wa dirisha kupitia kamera ya simu uliyoivuta karibu. Unatafuta mistari miwili myembamba yenye weusi katikati. Kama huoni weusi katikati, hiyo siyo jozi, achana nayo. Pembeni chora mstari mmoja kwa wembe mmoja. Utauhitaji.

Hatua ya 4. Bana kitufe cha leza kwa kibanio, iegemeze kwenye vitabu. Usiichungulie, na watoto wasiishike.

Hatua ya 5. Zima taa, simamisha kioo mbele ya leza, ukuta uwe mita 3 mbele.

Hatua ya 6. Ukutani hutaona mistari miwili. Utaona utepe mwekundu uliokatwakatwa: mwanga, giza, mwanga, giza. Zidisha urefu wa wimbi kwa umbali wa ukuta, gawa kwa umbali kati ya mipasuo. Nanomita 650 (urefu wa wimbi la leza nyekundu) mara mita 3, gawa kwa milimita 0.1, inakupa kama sentimita 2 kutoka mwanga hadi mwanga. Pima kwa rula.

Sasa sogeza kioo mpaka leza ipite kwenye ule mstari mmoja. Vile vipande vya katikati vinapotea, mwanga unatanda. Tazameni vizuri mahali palipokuwa na giza. Sasa pana mwanga, na njia tumepunguza! Ukifungua njia ya pili, giza linarudi palepale. Hilo ndilo jambo lenyewe, kuliko hadithi zote za "fotoni kuangaliwa".

Hesabu yake: kila njia ina kiasi chake, kinaweza kuwa chanya au hasi. Njia zote mbili zikiwa wazi, unajumlisha viasi kwanza, ndipo unazidisha jumla kwa yenyewe kupata uwezekano wa fotoni kutua pale. Vikipingana, jumla ni sifuri, haitui. Lakini kama kuna chochote kilichoweka alama ya njia iliyopitwa, unazidisha kila kiasi kwa chenyewe kwanza, ndipo unajumlisha. Hapo sifuri haipatikani, na mistari inapotea. "Kuangalia" maana yake ni hiyo alama tu. Chumba kinaweza kuwa hakina mtu.

Karibuni maswali. Someni kwanza.

---

Kijana wa Sakina: Mkuu nimefanya haijatokea kitu.

Mtoa somo: Ukuta uko umbali gani? Mistari mingapi? Taa umezima? Weka picha.

Kijana wa Sakina: Nilitumia tochi ya simu, sina leza.

Mtoa somo: Kifaa cha kwanza kwenye orodha ni nini?

Mwanafalsafa: Kwa hiyo umekubali kwamba akili ya binadamu ndiyo inaumba uhalisia. Kuna video inasema hivyohivyo.

Mtoa somo: Sijaandika hivyo popote. Rudia aya ya hesabu, sentensi mbili za mwisho.

Binti wa Rau: Shikamoo mwalimu. Nipo Moshi, kidato cha sita PCM. Leza inatoa fotoni nyingi kwa pamoja. Tutajuaje kwamba hazigongani zenyewe kwa zenyewe ndiyo zikafanya mistari?

Mtoa somo: Marahaba binti yangu, hilo ndilo swali nililokuwa nalisubiri. Leza ya miliwati 1 inatoa fotoni kama trilioni 3,000 kwa sekunde. Katika mita 3 za mwali wake, wakati wowote zipo zaidi ya milioni 30 njiani. Kwa hiyo kioo chetu hakikujibu, hapo uko sahihi.

Mwaka 1909 Geoffrey Taylor, pale Cambridge, alififisha mwanga wa moto wa gesi kwa vioo vilivyopakwa moshi (ndiyo, masizi kama yetu), akapiga picha ya kivuli cha sindano. Picha iliyochukua muda mrefu zaidi ilikaa kama saa 2,000, karibu miezi mitatu. Mistari ilitoka wazi vilevile. Ila mwanga hafifu bado unaweza kuleta fotoni mbili pamoja mara mojamoja. Mwaka 1986 Grangier, Roger na Aspect, Ufaransa, walitumia chanzo kinachotoa fotoni mojamoja kweli, wakazigawia njia mbili kwa vioo badala ya mipasuo. Mwingiliano, yaani kule kupishana kwa mwanga na giza, ulikuwepo. Fotoni ikiwa peke yake, hakuna nyingine ya kugongana nayo.

Binti wa Rau: Asante sana mwalimu. Na ile alama ya njia, tunaweza kuiweka nyumbani?

Mtoa somo: Unaweza. Tafuta karatasi ya polaroidi (inapitisha mwanga unaotikisika upande mmoja tu) kwenye kioo cha kikokotoo kibovu. Badala ya mipasuo tumia waya mwembamba sana, mwanga upite pande zake mbili kama njia mbili: kulia kwake polaroidi iliyosimama, kushoto iliyolala, ndiyo alama. Zungusha leza mpaka pande zote zing'ae sawa. Mistari inapotea, na hakuna aliyechungulia. Kisha weka polaroidi ya tatu kati ya waya na ukuta, imelala nyuzi 45. Alama imefutwa, mistari inarudi.

Fundi simu Ngaramtoni: Wasiharibu vikokotoo. Vioo vibovu vya simu za vitufe vina hiyo karatasi juu na chini. Bandua taratibu, gundi yake itoke kwa spiriti.

Mtoa somo: Asante fundi, hiyo sikuijua.

Mama Junior: Mimi sina koroboi, tunatumia sola. Unywele unafaa?

Mtoa somo: Unafaa sana mama. Thomas Young mwenyewe, mwanasayansi Mwingereza aliyeanzisha majaribio haya, miaka ya 1800 mwanzoni, aligawa mwali wa jua kwa ukingo wa kadi nyembamba. Bandika unywele wima mbele ya leza, pima kutoka giza hadi giza upande mmoja. Hesabu ni ileile ya Hatua ya 6, unene wa unywele ukikaa mahali pa umbali kati ya mipasuo: ikiwa sentimita 2.8 kwa mita 3, unywele wako una unene wa milimita 0.07. Pima na wa Junior, mlinganishe.

Kijana wa Sakina: Mkuu nimepata leza ila ya kijani, ina nguvu balaa. Sawa?

Mtoa somo: Mistari itakaribiana kidogo, kama sentimita 1.6, maana wimbi lake ni nanomita 532. Ila hizo za bei rahisi nyingi zinavujisha miali ya infraredi usiyoiona, na macho yanaumia bila wewe kushtuka. Rudisha, chukua nyekundu.