SOMO: Namna ya kumtambua nyoka mwenye sumu (na kwa nini kichwa cha pembetatu kitakuponza)

Mitandaoni kuna kanuni inazunguka: nyoka mwenye kichwa cha pembetatu na mboni iliyosimama kama ya paka ana sumu, mwenye mboni ya duara hana. Kanuni hiyo inasaidia kidogo Marekani, ambako nyoka wengi wenye sumu ni wa ukoo mmoja na kifutu. Huku kwetu ni hatari tupu. Koboko ana kichwa chembamba na mboni ya duara, fira vilevile. Yule wa kahawia anayeingia ndani usiku kuwinda panya, ambaye hana sumu, ndiye mwenye mboni iliyosimama.

Kwa hiyo fanya hivi:

1. Rudi nyuma taratibu kwanza, kutambua baadaye. Swila hutema sumu ikavuka mita 2, na hulenga uso.

2. Tazama mwili mzima na anavyojiweka. Kifutu ni mnene, mkia mfupi, mgongoni ana michoro kama V zilizopangana. Hakimbii, hulala palepale njiani akitegemea rangi yake, ndiyo maana watu humkanyaga gizani. Fira huinua kifua na kutanua shingo. Koboko si mweusi: ni kijivu au kahawia iliyopauka, weusi uko ndani ya kinywa. Akikuachamia ukauona, umeshamkaribia mno.

3. Jihadhari na waigizaji. Nyoka mla mayai hana sumu, lakini akitishwa hujikunja na kusugua magamba yake mpaka yatoe mlio kama wa kifutu. Yai hulimeza zima, hulipasua kwa mifupa ya uti inayochomoza kooni, kisha hutema ganda lililobondeka. Fundi kweli huyu! Ila usimshike kwa kubahatisha.

4. Piga picha ukiwa mbali, ita anayejua. Hata kichwa kilichokatwa huweza kuuma.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, chatu ana sumu?
Hana, huua kwa kubana. Meno yake yamepinda kwenda nyuma, ukivuta mkono kwa nguvu unachanika zaidi.

Mwalimu, shikamoo. Watoto huku wanachezea nyoka wa kijani wa kwenye miembe. Kuna shida?
Marahaba. Wakataze leo. Wapo wa kijani wasio na sumu, lakini kwenye miti hiyohiyo hukaa nyoka wawili wa sumu kali: mamba wa kijani (si yule mamba wa majini, ni ndugu wa koboko) na boomslang. Karl Schmidt, bingwa wa nyoka wa Chicago, aliumwa na boomslang mdogo mwaka 1957. Alidharau, akaenda nyumbani akiandika dalili zake, kesho yake akafa kwa kuvuja damu ndani. Sumu hiyo huchelewa, kwa hiyo kujisikia mzima jioni si kupona.

Jiwe jeusi, lile la kubandika penye jeraha eti livute sumu, limemponya mjomba wangu alipoumwa na nyoka, mbona hulitaji?
Mara nyingine nyoka mwenye sumu huuma bila kuitoa, na wengi wa wanaouma hawana sumu. Hapo hata ukiweka kipande cha mkaa utasema kimeponya. Usifunge kamba, usichanje, usinyonye. Vua pete na saa kabla ya uvimbe, tuliza kiungo kama mfupa uliovunjika, mgonjwa abebwe hadi hospitali. Pigeni simu mkiwa njiani kuuliza kama dawa ya sumu ya nyoka ipo, maana si kila kituo kinayo.

Na swila akinitemea machoni?
Maji safi mengi, dakika 15 au zaidi, bila kusugua, kisha hospitali. Maziwa tumia kama maji hakuna.