Kugeuza Scania ya boksi iwe lori la mkonge la Tanga

Malori ya plastiki ya kuunga, yale ya skeli ya 1/24 (kila kipimo ni sehemu moja ya 24 ya lori halisi) yanayotoka Italeri ya Italia au Revell ya Ujerumani, kwa kawaida huja na usukani kushoto. Ukifuata karatasi ya maelekezo mwanzo hadi mwisho utapata lori zuri la Ulaya. Mimi silitaki hilo. Nalitaka lori ninaloliona likipita Pongwe limesheheni marobota ya mkonge kuelekea bandarini: usukani kulia, bodi la mbao, vumbi jekundu la Muheza kwenye madigadi. Kazi yangu ni kupaka rangi magari hapa Ngamiani, na modeli naziunga kwa puti, msasa na jicho lilelile la gereji. Ninayoandika hapa ndiyo ninayowaonyesha vijana wanaokuja kukaa nami jioni.

Lione lori kwanza

Kabla hujakata hata kipande kimoja, chukua futi ya kukunja, daftari na simu, nenda yanapoegeshwa malori. Mtafute dereva, mwamkie: "Shikamoo mzee, naunga lori dogo la mfano, naomba nipime bodi lako." Sijaona dereva anayekataa akiombwa kwa adabu, wengi watakufungulia na mlango uone ndani. Piga picha chini ya chesisi, nyuma ya kabini, na kwenye dashibodi ukiwa umesimama upande wa dereva. Getini bandarini usipige picha, utajitafutia maneno na walinzi bure.

Vipimo unavigawa kwa 24. Mita moja inakuwa milimita 42 kasoro kidogo. Lori lenye upana wa mita 2.5 linakuwa milimita 104. Mbao ya mbili kwa sita, ambayo upana wake ni kama sentimita 15, inakuwa milimita 6 na ushee. Mtu wa mita 1.70 anakuwa sentimita 7. Mchore mtu huyo kwenye kadi ngumu, umkate, uwe unamsimamisha kando ya kazi yako kila hatua. Ngazi ya kabini ikimfika kiunoni au bodi likiwa fupi mno, utaliona kosa hapohapo bila hesabu.

Jambo jingine la kujua kabla hujanunua. Katika Scania za miaka ya 1980 na 1990, namba ya modeli yenye tarakimu tatu ina maana: mbili za mwanzo ni lita za injini, ya mwisho ni toleo. Kwa hiyo 143 ni injini ya V8 ya lita 14, na 113 ni ya lita 11, silinda sita kwa mstari mmoja. Ukitaka 113 wakati boksini kuna 143, badilisha namba na ukubali kabini isiinuke, maana ikiinuka V8 itaonekana. Binafsi naona ni heri kabini ifungwe kabisa, kwa sababu nguvu ya kazi hii iko kwenye bodi na mzigo.

Kama hujawahi kuunga modeli yoyote, anza na gari dogo la Kijapani la Tamiya au Fujimi, skeli hiyohiyo. Mengi ya magari hayo yana usukani kulia tayari, na vipande vyake vinakaa vizuri. Lori lina vipande vingi na linataka subira.

Gundi, kukata na vipuri vya bure

Osha fremu zote, yaani vijiti vya plastiki vinavyoshikilia vipande boksini, kwa maji na sabuni ya unga. Kiwandani hupaka mafuta ili plastiki itoke kwenye kalibu, na mafuta hayo ni adui wa rangi. Kipande kikate kwa kikata kucha, mbali kidogo na mwili wake, kisha umalizie kwa wembe na msasa wa 400. Usivunje kwa mkono.

Plastiki ya modeli ni polistairini. Gundi yake halisi ni maji mepesi yanayoyeyusha kingo mbili hadi ziwe kitu kimoja. Unashikanisha vipande vikiwa vikavu, unagusisha brashi kwenye ungio, gundi inajipenyeza yenyewe. Supagluu iweke kwa chuma na vitu vidogo visivyobeba uzito. Vipande vilivyong'arishwa kama kromu haviungiki hadi uiparuze kromu pale panapogusana. Ukitaka kuitoa yote, vilaze kwenye Jik dakika chache, kisha suuza kwa maji mengi. Usichanganye Jik na dawa ya choo wala siki, hewa yake inaumiza mapafu.

Mabaki ya fremu usiyatupe. Yapashe juu ya mshumaa hadi yalegee, uyatoe motoni, uvute: ukivuta haraka unapata uzi mwembamba, ukivuta taratibu unapata fito. Hizo ndizo waya, antena na mabomba ya breki. Plastiki ya kuongezea ipo majumbani. Tafuta vikombe na sahani zenye pembetatu yenye namba 6 chini yake. Hiyo ni polistairini, na gundi ya modeli inaishika. Kasha gumu la CD nalo ni polistairini safi isiyo na rangi, linafaa kwa vioo.

Usukani uende kulia

Hapa ndipo utakapotumia siku nyingi, na usizionee uchungu. Panga vipande vyote vya ndani ya kabini mezani bila gundi, uvitazame pamoja na picha zako. Usidhani kuhamisha duara la usukani kunatosha. Dereva akihama, vitu vingi vinamfuata.

Anza na dashibodi. Chora mistari miwili: mmoja upande huu wa geji, mwingine upande wa pili, upate vipande vitatu. Msumeno wa chuma wa kawaida ni mnene, utakula nusu milimita au zaidi kila mkato. Tumia uzi wa nailoni wa cherehani: ushike ncha mbili, uukokote mbele na nyuma juu ya mstari uliokwisha kuukwaruza kwa wembe. Unakata taratibu, na mkato unakuwa mwembamba na ulionyooka. Kisha badilisha sehemu ya geji na ile ya abiria. Kama katikati pamepinda kumwelekea dereva, hapo kubadilishana hakutoshi. Itabidi paneli ya kati uitengeneze upya kwa plastiki ya kikombe, ipindie upande mwingine. Jaza nyufa kwa puti, tena ile laini ya kumalizia. Ipake nyembamba mara mbili tatu, kila mara ikauke. Puti nene hunywea ikikauka, na uliyoisawazisha leo utaikuta na shimo kesho.

Halafu sakafuni. Pedali zikate zikiwa na kibao chake, uzihamishie kulia, tundu la nguzo ya usukani uzibe kwa kipande cha fremu, utoboe jipya. Toboa kwa biti nyembamba uizungushe kwa vidole. Sindano ya moto inayeyusha kingo na kuacha kovu. Viti navyo vibadilishane kama cha dereva ni tofauti na cha abiria.

Wengi wanaishia kabini na kusahau chesisi. Boksi la usukani limefungwa kwenye reli ya chesisi upande wa dereva, na fimbo yake inakwenda kwenye tairi la mbele la upande huohuo. Kwenye lori letu vyote hivyo viwe kulia. Mtu akiligeuza lori lako chini juu, hapo ndipo atakapojua kama ulifanya kazi au ulipamba.

Mwisho, vioo vya pembeni na waipa. Juu ya mlango wa abiria huwa kuna kioo kidogo kinachotazama chini, ili dereva aone ukingo wa barabara. Ulaya bara kinakaa kulia, kwetu kinakaa kushoto, kwa hiyo kihamishe. Waipa nazo zipange kama ulivyoziona kwenye picha yako. Tangi la dizeli na sailensa viache mahali pake isipokuwa lori ulilopima linasema vinginevyo.

Bodi la mbao

Kijiti cha aiskrimu kina unene wa milimita 2, na mara 24 hiyo ni karibu inchi mbili. Yaani unene wa mbao umeshapata bila kuranda. Kipasue kwa urefu upate milimita 6, hiyo ni mbili kwa sita yako. Panga sakafu kwanza juu ya mihimili, kisha nguzo za ubavu, kisha mbao za ubavu moja moja kwa gundi ya seremala. Acha nafasi ndogo kati ya mbao na mbao. Bawaba na komeo zikate kwenye kopo la soda kwa mkasi. Vichwa vya bolti ni vipande vya fito ya fremu vilivyokatwa vyembamba kabisa.

Rangi, na hewa ya Tanga

Rangi ya gari ninayopulizia gereji inaweza kutumika, ila tina yake kali, ile ya kuyeyushia rangi, inakula polistairini. Jaribu kwanza kwenye mabaki ya fremu. Praima, yaani rangi ya msingi, ipulize kwa mbali, sentimita 20 hadi 25, mkono ukitembea, tabaka la kwanza liwe ukungu tu. Likikauka, la pili linashika juu ya la kwanza bila kuigusa plastiki. Pulizia nje au dirisha likiwa wazi, na barakoa usoni.

Adui mkubwa wa mtu wa pwani ni unyevu. Tina inaporuka huipoza bodi, na hewa ikiwa nzito maji yanatua juu ya rangi mbichi. Rangi inageuka nyeupe kama imepakwa maziwa. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, siku nyingi naunga tu, sipulizi. Siku nyingine napuliza kati ya saa nne asubuhi na saa tisa, jua likiwa limekausha ua, kamwe si baada ya magharibi wala mvua ikiwa imetoka kunyesha. Ikishapauka, subiri siku kavu upulizie ukungu mwepesi wa tina inayokawia kukauka; mara nyingi weupe unaondoka.

Mambo mawili ya jicho. Rangi ileile ya lori halisi ukiipaka kwenye lori dogo itaonekana nzito kuliko ilivyo, kwa hiyo ongeza tone la nyeupe. Na rangi ya metaliki ya magari iache kabisa: chembe zake zinazong'aa ni kubwa mno kwa skeli hii, zinaonekana kama mchanga.

Bodi la mbao lipake kwa brashi, maana hata kubwa wengi hulipaka hivyo. Maneno ya nyuma yaandike kwa mkono, brashi ya nywele chache, ukiwa umeegemeza kiganja. "Riziki Mafungu Saba" hukaa vizuri kwenye mlango wa nyuma. Maandishi ya kuchapa kwa kompyuta yamenyooka kupita kiasi, hayana mkono wa mtu.

Vioo vya mbele vibandike kwa gundi ya seremala, siyo supagluu. Moshi wa supagluu unatia ukungu kwenye plastiki isiyo na rangi, na kuufuta ni kazi.

Marobota na vumbi

Robota la mkonge lina kilo 250, limeshindiliwa kwa mashine hadi likawa gumu lenye pembe, kwa hiyo lisionekane kama mto. Chonga kiini cha mbao laini kwa vipimo ulivyochukua. Kwa nje usizungushe kamba ya katani kama ilivyo. Unyuzi wake mmoja ukiuzidisha mara 24 unaweza kuwa mnene kama penseli. Uchane kwa kitana, uchague nyuzi nyembamba kabisa, uzikate fupi, uzilaze upande mmoja juu ya gundi na kuzikandamiza kwa ubao hadi zikauke. Hapo unapata rangi yake halisi, ule weupe wa siagi. Mikanda ya kufungia iwe nyuzi za fremu uliyovuta. Pakia marobota yakiwa yamebanana, na kamba za kukazia zipite juu na kufungwa kwenye ndoano za bodi. Kwa kuwa lori limebeba, suguwa kidogo chini ya kila tairi kwa msasa, lionekane limekaa chini kwa uzito.

Vumbi ni la kweli. Chukua udongo mwekundu wa shambani, ukaushe, uchekeche kwa soksi ya nailoni, maana bila hivyo chembe zitakuwa mawe. Koroga na maji na tone la gundi ya seremala, paka ndani ya madigadi, nyuma ya matairi na chini ya chesisi. Unga mkavu wa udongo huo ubandike kwa brashi laini kwenye ngazi na pembe za sakafu. Lori la chokaa la Maweni huwa jeupe, la mkonge huwa jekundu, usichanganye. Kutu itie palipo chuma na palipochubuka tu: bawaba, kingo za chesisi, ngazi. Usipulizie vanishi juu ya vumbi, litapotea.

Zimebaki namba. Za gari la biashara ni nyeupe zenye maandishi meusi, herufi T, tarakimu tatu, herufi tatu. Zichape ndogo kwenye karatasi, uzipake vanishi kabla ya kukata. Usiandike namba ya lori ulilolipima. Buni nyingine, halafu mpelekee yule dereva picha ya kazi yako.