Milango, damu na maneno: mambo ya kuzingatia kabla ya shambulio la bunduki mahali pa watu wengi

Alfajiri ya tarehe 12 Aprili 2015, transfoma ya umeme ililipuka karibu na mabweni ya kampasi ya Kikuyu ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Zilikuwa zimepita siku kumi tu tangu wanafunzi wenzao wauawe Garissa. Waliosikia mlipuko waliamini wamevamiwa, wakaanza kuruka madirishani kutoka ghorofa za juu. Mwanafunzi mmoja alifariki na zaidi ya mia moja wakaumia. Mwenye bunduki hakuwepo hata mmoja.

Tumeanza na tukio hilo kwa makusudi. Mlio wa kwanza ukisikika, nafasi ya kufikiri ni ndogo mno. Mtu hufanya lile ambalo tayari analo kichwani, na asipokuwa na kitu kichwani hufuata wenzake, hata wakielekea dirishani. Kwa hiyo yote yaliyomo humu ni ya kufanywa siku ya utulivu, na wa kuyafanya ni mkuu wa shule, msimamizi wa jengo, mwenye ukumbi, kamati ya kanisa au ya msikiti.

Msaada nao huchelewa, na mpango unaoanza na maneno "polisi watafika" una kasoro tangu mwanzo. Jengo la maduka la Westgate, Nairobi, lilivamiwa na watu wanne adhuhuri ya Jumamosi tarehe 21 Septemba 2013. Watu 67 waliuawa na mzingiro ukaingia siku ya nne. Chuo Kikuu cha Garissa kilivamiwa kabla ya jua kuchomoza tarehe 2 Aprili 2015. Kikosi maalumu cha Recce kilifika saa nyingi baadaye, na shughuli ilipokwisha usiku ukiingia watu 148 walikuwa wamekufa, wengi wao wanafunzi. Kwenye jengo la hoteli na ofisi la DusitD2, Nairobi, tarehe 15 Januari 2019, vikosi viliingia mapema zaidi na mamia ya watu wakatolewa wazima, lakini hata hapo kazi ilimalizika asubuhi ya siku ya pili, na watu 21 walipoteza maisha. Pangeni mkijua kwamba dakika za mwanzo, pengine saa za mwanzo, mko peke yenu.

Anzeni na milango. Chukua karatasi na kalamu, pita chumba kwa chumba, na katika kila chumba jiulize swali moja: nikizuiwa hapa nilipoingilia, natokea wapi? Mlango wa jikoni unahesabika, na wa stoo, na ule wa kupakulia mizigo nyuma ya duka. Wateja hawaijui milango hiyo kwa sababu imeandikwa "wafanyakazi tu", basi wafanyakazi ndio wafunzwe kuwapitisha watu huko. Kila ukumbi unaokusanya watu uwe na njia mbili za kutokea zilizo mbalimbali. Milango miwili iliyo ukuta mmoja ni sawa na mlango mmoja.

Adui mkubwa hapa ni kufuli. Usiku wa Machi 2001, moto uliwashwa katika bweni la Shule ya Upili ya Kyanguli, Machakos, na wavulana 67 wakafa. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yana vyuma. Ule ulikuwa moto, si bunduki, lakini kufuli halichagui. Mlango wa dharura unapaswa kufunguka kutoka ndani bila ufunguo, kwa kitendo kimoja, gizani, na hata kwa mkono wa mtoto wa darasa la nne. Wasimamizi wengi huufunga kwa kuhofia wizi au wanafunzi kutoroka. Hofu hiyo ni ya kweli na ina dawa: fungeni king'ora kidogo kinacholia mlango ukifunguliwa, mwacheni mlinzi aje aangalie, na kufuli liondoke. Dirisha moja katika kila chumba liwe na vyuma vyenye bawaba na komeo la ndani, nalo litiwe mafuta, kwa maana komeo lililoshika kutu haliwezi kufunguliwa na mtu anayetetemeka. Kisha kuwe na mtu mmoja mwenye jina, siyo "uongozi", anayeifungua milango yote ya dharura kila asubuhi kwa mkono wake na kuondoa makreti ya soda na viti vilivyorundikwa nyuma yake. Vitu hivyo hurudi kila wiki.

Kuna upande wa pili wa mlango, nao husahaulika zaidi. Asiyeweza kukimbia anahitaji mlango unaofungika kutoka ndani, na milango mingi ya madarasa yetu ina komeo la nje tu, la kutilia kufuli shule ikifungwa. Tieni makomeo mawili ndani, moja juu na moja chini, kwa skrubu ndefu zinazopita fremu na kushika ukutani. Skrubu fupi zinazouzwa pamoja na komeo hung'oka kwa teke moja. Mlango unaofunguka kwa ndani huzuiwa pia kwa kabari za mbao zilizopigwa chini yake na meza nzito nyuma yake. Ule unaofunguka kwa nje, kabari haiusaidii lolote: funga mshipi au kamba kwenye mkono wa kitasa na uivute hadi kwenye kitu kisichosogea. Zima taa na simu, au angalau ondoa mlio pamoja na mtetemo, maana simu inayotetemeka juu ya meza ya mbao husikika hadi kwenye korido. Asikae mtu mkabala na mlango.

Wafunzeni watu tofauti ya kujificha na kujikinga. Risasi ya AK-47 hupita mlango wa mbao, plaiwudi, ukuta wa jipsamu na mlango wa gari kana kwamba havipo. Ukuta wa mawe ya kuchonga, nguzo ya zege, na upande wa injini wa gari ndivyo vinavyokinga. Pazia na kabati la nguo huficha tu, na aliye nyuma yake bado anahitaji kutafuta pa kukinga mwili.

Sasa damu. Mtu mzima ana takribani lita 5 mwilini, na mshipa mkubwa wa paja ukikatwa anaweza kufa ndani ya dakika chache, wakati gari la wagonjwa bado limezuiwa barabarani kwa sababu jengo halijathibitishwa kuwa salama. Hapa ndipo raia wa kawaida anaokoa uhai kuliko daktari. Kila ghorofa iwe na mkoba uliotundikwa mahali panapoonekana, usiofungiwa ofisini: mikanda minne ya kuzuia damu, yaani ile yenye kijiti cha kuzungusha, pakiti nane za shashi, bendeji pana nne, glavu jozi sita, mkasi wa kukatia nguo na kalamu ya wino mzito.

Jeraha la mkono au mguu linalobubujika hufungwa mkanda juu yake, kuelekea kiwiliwili, kama sentimita 5 hadi 8 kutoka kwenye jeraha, kamwe si kwenye kiungo chenyewe cha goti wala kiwiko. Zungusha kijiti mpaka damu ikome, kisha kibane na uandike saa kwenye paji la uso au juu ya mkanda wenyewe. Kosa linaloua ni kulegeza kwa huruma. Mkanda uliokazwa nusu huziba mishipa inayorudisha damu na kuuacha ule unaoileta, hivyo jeraha huvuja zaidi kuliko lilivyokuwa. Atalia kwa maumivu. Ni kawaida, na mkanda usifunguliwe hadi hospitali. Mshipi wa suruali peke yake haukazi vya kutosha. Leso iliyokunjwa upana wa vidole vitatu, ikafungwa fundo na kupitishwa kijiti imara, ni afadhali, ila bila kijiti ni kitambaa tu. Jeraha la kinena, kwapa au shingo halifungiki mkanda. La kinena na kwapa shindilia shashi au kitambaa safi ndani kabisa mpaka lijae. La shingoni usiizungushie bendeji. La kinena na kwapa kandamiza kwa uzito wa mwili, la shingoni kwa mkono bila kuziba njia ya hewa, dakika kumi bila kuchungulia, kwani kila ukichungulia unabomoa donge la damu lililoanza kuziba. Maji asipewe, hata akiomba.

Maneno nayo yaandaliwe. Tangazo la kipaza sauti liwe la lugha ya kawaida na liseme mahali: "Kuna mtu mwenye bunduki lango la mbele. Tokeni kwa mlango wa jikoni." Majina ya siri ya hatari huwaacha wageni wote gizani. King'ora cha moto kisitumike kamwe kwa jambo hili, kwa sababu humtoa kila mtu chumbani na kumpeleka kwenye korido. Katika shule ya sekondari ya Parkland, Florida, Marekani, tarehe 14 Februari 2018, king'ora cha moto kililia wakati wa shambulio na wanafunzi wakatoka madarasani kuelekea hatarini. Watu 17 waliuawa siku hiyo. Kenya, polisi hupatikana kwa 999, 112 au 911, na Msalaba Mwekundu kwa 1199. Anayepiga aseme jengo, ghorofa, washambuliaji wangapi, wamevaa nini, wanaelekea wapi. Na kabla ya siku hiyo kila familia ikubaliane kwamba anayejificha ndiye atakayetuma ujumbe. Aliye nje asimpigie. Picha ya mahali watu walipojificha isiingie kwenye kundi lolote la WhatsApp, hata la ukoo.

Watu wajue pia polisi wakiingia itakuwaje. Watampita majeruhi bila kuinama, kwa sababu kazi yao ya kwanza ni kumfikia anayepiga risasi. Mikono iwe juu, vidole vimeachana, hakuna simu mkononi. Usimkimbilie askari kumkumbatia. Anayemiliki bastola kwa leseni ana jukumu zito zaidi. Westgate, raia wenye leseni waliingia na kuwatoa watu wengi, na tunawaheshimu kwa hilo. Lakini siku ileile, katika vurugu za polisi na jeshi, ofisa wa polisi aliuawa kwa risasi za upande wake mwenyewe. Ikiwa wenye sare wanaweza kudhaniana, aliyevaa shati na kushika bastola hana alama yoyote ya kumtambulisha. Silaha irudi kwenye ala kabla askari hawajakufikia. Na nyumbani ifungiwe kwenye sanduku la chuma, risasi zikiwa mbali nayo. Mwishoni mwa 2018 serikali ya Kenya iliwaagiza wote wenye leseni wakaguliwe upya, na tunaona ukaguzi wa namna hiyo unastahili kuwa wa kawaida, kwa kuwa bunduki halali iliyoibwa ni bunduki haramu kuanzia siku hiyo.

Walinzi wa langoni ndio wa kwanza kukabiliwa, na wengi hawana silaha. Wapeni kitufe cha kubonyeza kinachopiga kelele ndani ya jengo. Mlinzi aliyebonyeza kabla ya kukimbia amefanya kazi yake yote. Kioo cha kutazamia chini ya gari na mashine ya kukagua chuma havina maana kama mlinzi amesimama saa kumi na mbili mfululizo. Afunzwe kutazama mwenendo: anayepiga picha za milango na kamera, anayeuliza zamu hubadilishwa saa ngapi, anayerudi mara tatu bila shughuli. Asitazame buibui wala kanzu. Desemba 2015, karibu na El Wak, abiria Waislamu wa basi la Mandera walikataa kutengwa mbali na abiria Wakristo mbele ya mitutu ya bunduki za wavamizi, na mwalimu Salah Farah akapigwa risasi iliyomuua wiki chache baadaye. Mlinzi anayemdhalilisha mtu kwa mavazi anajinyima taarifa za walio tayari kuokoa jengo zima.

Kuhusu mazoezi tuna msimamo mkali. Novemba 2015, katika chuo kikuu kimoja Nairobi, risasi zilipigwa katika zoezi ambalo wengi hawakujua ni zoezi. Watu waliruka kutoka ghorofani, mfanyakazi mmoja akafa, makumi wakajeruhiwa. Zoezi la kushtukiza halifundishi kitu. Humfundisha mtu kuruka. Litangazeni wiki moja kabla, na tena asubuhi yake, waambieni majirani na kituo cha polisi, na pasiwe na risasi baridi, baruti wala waigizaji waliojifunika nyuso. Mara ya kwanza tembeeni tu, polepole, kila darasa hadi mlango wake wa pili na mpaka mahali pa kukutania. Mahali hapo pawe pawili, mbali na lango na maegesho, pasipoonekana kutoka kwenye jengo. Mtu wa kiti cha magurudumu, mama mjamzito na mzee wapangiwe wasaidizi kwa majina, wawili kwa kila mmoja, kwa kuwa mmoja huenda hayupo siku hiyo.

Orodha ya waliomo iwekwe nakala nje ya jengo. Baada ya Garissa, wazazi walingoja kwenye uwanja wa Nyayo na mochari ya Chiromo siku kadhaa, wakitafuta majina. Shule yenye daftari la bweni la jana usiku, pamoja na simu za wazazi, likiwa kwenye simu za watu wawili wanaoishi mbali na kampasi, inaweza kuwapigia wazazi jioni hiyohiyo.

Na damu ya hospitali haitolewi siku ya msiba. Foleni ndefu za wachangiaji baada ya Westgate zilijaa upendo, lakini kila chupa hupimwa Ukimwi, homa ya ini na kaswende kabla haijamfikia mgonjwa, na ikihifadhiwa vizuri hukaa takribani wiki tano. Anayeokoa majeruhi wa leo ni aliyechangia wiki iliyopita. Pangeni uchangiaji mara tatu kwa mwaka, na kila mmoja aandike kundi lake la damu nyuma ya kitambulisho chake cha kazi.