Tasnifu kwa mtandao: kibali mapema
Nyinyi mnaosoma uzamili kwa mtandao huku mko Wete au Chake Chake: pendekezo la utafiti likipitishwa tu, anzeni kushughulikia kibali cha utafiti. Msimamizi aliyeko nje mara nyingi hajui kwamba Zanzibar ina utaratibu wake, mbali na wa COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) kule bara, na kwamba utafiti wa afya unahitaji pia idhini ya maadili kupitia ZAHRI, taasisi ya utafiti wa afya ya Zanzibar. Ombeni barua ya chuo mapema, yenye muhuri, na mada iandikwe neno kwa neno kama ilivyo kwenye pendekezo. Neno moja likitofautiana, mtarudishwa.

Mkishazungumza na msimamizi kwa video, mwandikieni baruapepe siku hiyo hiyo: tumekubaliana hili, hili nabadilisha, sura naleta tarehe fulani. Wasimamizi husahau, wallahi, na mtandao ukikatika kila mtu huondoka na lake. Msimamizi aliyeko Kuala Lumpur mtafuteni saa tatu asubuhi yetu, kwake ni saa nane mchana. Mkingoja alasiri, kwake kumeshaingia usiku.

Makala za rejea zishusheni kwenye Zotero, programu ya kuhifadhi marejeo, zisomeke hata intaneti ikiwa haipo.