SOMO: Kufukua malalamiko na kesi dhidi ya askari polisi wa New York

Kifungu cha 50-a cha sheria ya jimbo la New York kilifungia rekodi za nidhamu za polisi tangu 1976 hadi kilipofutwa tarehe 12 Juni 2020. Sasa ziko wazi kwa yeyote. Tatizo lililobaki ni kuzisoma vibaya, na kumbebesha askari makosa ya mwenzake ni dhuluma.

Hatua ya 1: tafuta namba kwanza. Majina hufanana, na namba ya beji hubadilika askari akipanda cheo. Namba inayobaki naye ni ile ya tarakimu 6 inayoandikwa "Tax ID" kwenye majedwali. Inakili pembeni kabla ya lolote lingine.

Hatua ya 2: pakua majedwali ya CCRB, bodi ya malalamiko ya raia. Yako manne kwenye NYC Open Data, tovuti ya takwimu za wazi za jiji: askari, malalamiko, tuhuma na adhabu. Tax ID humuunganisha askari na tuhuma zake; namba ya lalamiko huunganisha tuhuma na tukio. Mtu akisukumwa, akapekuliwa na kutukanwa, hilo ni lalamiko 1 lenye tuhuma 3. Anayehesabu mistari ya tuhuma na kuiita malalamiko anazidisha mara tatu.

Hatua ya 3: soma uamuzi neno kwa neno. "Substantiated" maana yake imethibitika. "Unfounded" ni kwamba jambo linalodaiwa halikutokea. "Within NYPD Guidelines" (NYPD ni idara ya polisi ya New York) ni kwamba lilitokea, ila kanuni za polisi zinaliruhusu. Zamani liliitwa "Exonerated". "Unable to Determine" ni kwamba ushahidi haukutosha kuamua upande wowote. Malalamiko mengine mengi hufungwa bila uchunguzi kamili kwa sababu mlalamikaji hakupatikana tena. Hayo usiyahesabu kuwa askari amesafishwa.

Hatua ya 4: kesi za madai. Idara ya Sheria ya jiji hutoa orodha mara mbili kwa mwaka, Januari na Julai, ikigusa kesi za miaka 5 iliyopita. Malipo yanayoonyeshwa ni ya kesi nzima. Chukua mfano wa kesi ya dola 50,000 yenye askari 5: ukimwandikia kila mmoja kiasi chote kisha ukajumlisha, utapata dola 250,000 ambazo hazikulipwa. Madai yanayomalizwa na mdhibiti wa fedha wa jiji kabla ya kufika mahakamani hayamo humo.

Hatua ya 5: fungua jalada. Kesi za mahakama za shirikisho ziko PACER, mfumo wa mtandaoni wa majalada ya mahakama hizo, senti 10 kwa ukurasa, hati moja haizidi dola 3. Matumizi yasiyozidi dola 30 kwa robo mwaka hayalipiwi. Anza na hati ya madai iliyorekebishwa, kwa sababu ile ya kwanza mara nyingi humtaja askari kama "John Doe", jina la kushikilia nafasi ya mtu asiyejulikana bado. Jalada likiishia na "stipulation of dismissal", yaani makubaliano ya kuifuta kesi, usikimbilie kusema mdai ameshindwa. Mara nyingi hapo pande mbili zimeelewana na jiji limelipa, bila kukiri kosa.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, tuhuma imethibitika lakini adhabu sioni. Jedwali limekosewa?
Si lazima. Bodi hupendekeza tu. Neno la mwisho ni la Kamishna wa polisi, naye anaweza kukataa. Linganisha pendekezo na adhabu iliyotolewa. Pengo kati yake ndilo la kuandikwa.

Nimeona kesi 2 mahakamani, CCRB hakuna kitu. Inawezekanaje?
Hiyo ni milango miwili tofauti. Mawakili wengi humzuia mteja kutoa maelezo kwa bodi wakati kesi inaendelea. Pia rushwa haiendi CCRB, huenda kitengo cha uchunguzi wa ndani cha polisi.

Niko Dar, naweza kuomba faili lenyewe?
Ndiyo, kwa FOIL, sheria ya jimbo la New York ya kuomba nyaraka za serikali; uraia hauulizwi. Taja Tax ID, namba ya lalamiko na miaka unayotaka, maana ombi la "kila kitu" hukwama. Idara unayoiomba ina siku 5 za kazi kukujibu kwamba imelipokea. Ukinyimwa, kata rufaa ndani ya siku 30 kwa ofisa wa rufaa wa idara hiyo hiyo, na utunze barua ya kukataliwa: bila rufaa hiyo, mahakama haitakusikiliza.