Jinsi Zahanati ya Kijijini Marekani Inavyoweza Kulipwa na Medicare kwa Kuwafuatilia Wagonjwa Walio Nyumbani

Ingawa Medicare, bima ya umma inayowahudumia hasa wazee wa miaka 65 na zaidi, ilianza mwaka 2018 kulipia, kama huduma inayojitegemea, kazi ya kufuatilia vipimo vya mgonjwa aliye nyumbani, zahanati zilizosajiliwa rasmi kuwa za vijijini hazikupata haki ya kudai malipo hayo hadi mwaka 2024. Sasa njia iko wazi, na zahanati yenye wauguzi wachache inaweza kuifuata.

Anzeni na wagonjwa ambao daktari wao atabadilisha dawa kulingana na vipimo vitakavyoingia, kwa mfano wenye presha isiyotulia, kwa kuwa takwimu zisizobadilisha matibabu humchosha mgonjwa bure. Kabla ya kumkabidhi kifaa, pateni ridhaa yake na kuiandika katika faili, mkimweleza kwamba kwa kawaida asilimia 20 ya gharama humwangukia yeye au bima yake ya nyongeza. Mzee anayeishi kwa pensheni ndogo hapaswi kuigundua habari hiyo kwenye ankara.

Kifaa lazima kitambulike kisheria kuwa kifaa cha tiba na kitume majibu chenyewe. Namba ambazo mgonjwa ameziandika kwenye daftari au kuzitaja kwa simu hazihesabiwi. Mahali ambapo intaneti ya nyumbani ni dhaifu, chagueni kinachotumia mtandao wa simu, na kijaribuni nyumbani kwa mgonjwa mwenyewe, kwa sababu bonde moja linaweza kukosa mawimbi yanayopatikana ng'ambo ya kilima.

Kila huduma hudaiwa kwa msimbo, yaani namba yake ya malipo. Kwa miaka mingi msimbo wa 99454, unaolipia kifaa na upokeaji wa vipimo, ulidai siku 16 za vipimo ndani ya siku 30, hivi kwamba aliyepima siku 15 hakuiletea zahanati chochote. Tangu Januari 2026 msimbo wa 99445 unalipia siku 2 hadi 15, na kwa maoni yangu hakuna badiliko lililowafaa watu wa vijijini kuliko hili. Muda wa wauguzi nao hulipwa: dakika 20 za kwanza katika mwezi kwa 99457, au dakika 10 kwa 99470, mradi ndani yake kuwe na mazungumzo ya moja kwa moja na mgonjwa au mlezi wake. Daktari huwasimamia bila kulazimika kuwa katika jengo lilelile, lakini kila dakika iandikwe siku ileile.

Amueni mapema nani atasoma vipimo usiku na siku za mapumziko. Kama hakuna, mgonjwa aambiwe waziwazi kwamba akiumwa kifua au kukosa pumzi apige 911, namba ya dharura, asisubiri kupigiwa simu.

Kwa wagonjwa wa Medicaid, bima ya umma ya watu wenye kipato kidogo, kila jimbo lina masharti yake, kwa hiyo someni mwongozo wa jimbo lenu kabla ya kumwandikisha wa kwanza.